Nakuru hadi Kisumu kwa Baisikeli Kupitia Korongo la Kerio: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari

Anayetaka tu kutoka Nakuru kufika Kisumu ashike barabara ya Kericho. Haifiki kilomita 200, na ni lami mwanzo hadi mwisho. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuzunguka kwa makusudi: ateremke hadi Marigat, apande Kabarnet, ashuke tena mpaka Korongo la Cheploch kwenye Mto Kerio, akwee ukingo wa Elgeyo hadi Iten, avuke Uasin Gishu na Nandi, aingie Msitu wa Kakamega na kutokea ziwani. Ni karibu kilomita 400, na katikati yake kuna siku moja itakayoamua kama utaikumbuka safari kwa furaha au kwa kichefuchefu.

Wanaoshindwa njia hii mara nyingi hawashindwi na miguu bali na hesabu. Kati ya Kabarnet na Iten kuna kilomita zisizofika 60, na ukiziona kwenye simu utadhani utakuwa umeshakula chakula cha mchana Eldoret. Huku kilomita haikwambii mengi. Kinachopimwa ni mita za kupanda, na saa ambayo jua litakukuta ukizipanda.

Kwanza, chagua mwezi

Mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Mtu wa Nairobi au Nakuru hudhani ikishapita ameokoka, lakini upande wa magharibi haikatiki hivyo. Nandi, Kakamega na nyanda za Eldoret huendelea kupata mvua hadi Septemba hivi, na Agosti huwa na maji mengi. Bonde la Kerio lenyewe ni kavu zaidi. Kwa hiyo unaweza kuondoka bondeni na vumbi usoni, na siku tatu baadaye uwe unakwangua udongo mwekundu kwenye magurudumu msituni.

Mimi huchagua Januari au nusu ya kwanza ya Februari. Ndiyo, bonde huwa na joto kali wakati huo, lakini joto unaweza kulikwepa kwa kuamka mapema. Matope ya Kakamega hayakwepeki. Mwezi Juni unawezekana pia, mradi ukubali kuiacha sehemu ya msituni ikibidi.

Epuka Aprili kabisa. Ukingo wa Elgeyo na milima ya Cherangani huporomoka mvua ikizidi. Maporomoko ya Chesegon ya Aprili 2020 yaliua watu na kufagia makazi na kituo cha biashara. Hata katika mwezi mkavu, mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, usiwe wa kwanza kupanda asubuhi yake. Subiri matatu za kwanza zipite, uwaulize madereva kama kuna mawe barabarani.

Pili, isome njia kwa mwinuko

Chukua karatasi uandike namba hizi, ambazo ni za kukadiria. Nakuru iko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Marigat ni 1,060. Kabarnet ni 2,000. Daraja la Cheploch liko kama 1,150. Biretwo, chini ya ukingo, ni 1,250. Iten ni 2,400. Eldoret 2,100, Kapsabet 2,000, Msitu wa Kakamega karibu 1,600, Kisumu 1,130. Ukizichora kwa mstari utaona mabonde mawili na vilima viwili, halafu mteremko mrefu kuelekea ziwani. Vilima hivyo viwili ndiyo safari yenyewe.

Sasa zigeuze namba hizo ziwe saa. Kwa mtu wa kawaida mwenye mzigo wa kilo 10 hadi 15, kanuni ninayoiamini ni hii: saa moja kwa kila kilomita 15, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 400 za kupanda. Marigat hadi Kabarnet ni kilomita 40 na mita 950 za kupanda: saa mbili na dakika 40 kwa umbali, saa mbili na dakika 20 kwa mlima, jumla saa tano. Kabarnet hadi Iten inatoka saa saba. Mapumziko mafupi ya kunywa maji yamo humo, ila mlo wa kukaa chini haumo.

Kabla ya kuziamini namba zangu, jipime. Aliye Nakuru apakie mzigo wote anaokusudia kubeba, apande Menengai kutoka mjini hadi ukingoni; ni kama mita 400. Aliye Kisumu atoke Mamboleo apande hadi Kiboswa. Ukichukua saa moja, kanuni inakufaa ilivyo. Ukichukua saa moja na nusu, weka mita 270 kwa saa badala ya 400 na uigawe upya ratiba yako. Usijipime bila mzigo, utakuwa unajidanganya.

Gawanyo ninalolipendekeza ni Nakuru–Marigat (kilomita 98, karibu yote ikiteremka), Marigat–Kabarnet, Kabarnet–Iten, siku ya kupumzika Iten, Iten–Kapsabet (kama kilomita 80), Kapsabet–Isecheno, na Isecheno–Kisumu. Mwenye nguvu anaweza kuunganisha siku mbili za kwanza, lakini sioni faida: atafika kwenye korongo akiwa amechoka, na korongo ndilo lililomtoa nyumbani.

Tatu, ipange siku ya korongo saa kwa saa

Hapa nitakaa, kwa kuwa siku nyingine zinaweza kuvurugika na ukazirekebisha njiani. Hii haina nafasi hiyo.

Mto Kerio hupita kati ya kuta mbili. Mashariki kuna vilima vya Tugen, ambako Kabarnet imekaa. Magharibi kuna ukingo wa Elgeyo, na Iten iko juu kabisa. Ukitoka Kabarnet unateremka ubavu unaotazama magharibi, kwa hiyo asubuhi bado uko kivulini na baridi inauma. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua linaupiga tangu linapochomoza. Wengi husahau jambo hili. Huambiwa "panda asubuhi, kuna baridi," wakafika chini ya ukingo saa tano wakakuta lami inawaka na mgongo mzima uko juani.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Ondoka Kabarnet saa kumi na mbili na nusu, kunapokucha vizuri. Usiondoke gizani: barabara ina kona, na bondeni kuna Hifadhi ya Rimoi ambako ndovu wapo na hutembea nje ya hifadhi. Vaa jaketi. Kufika Cheploch ni kilomita 20 na kidogo za kuteremka, kwa hiyo ikigonga saa moja na nusu uko darajani.

Jipe nusu saa hapo. Mto mzima unajibana kwenye ufa wa mwamba, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita chini yako, na vijana wa hapo hujirusha kutoka juu ya majabali mbele ya wageni. Kabla hawajaruka, kubalianeni kiasi utakachowapa. Wakisharuka mjadala huwa mgumu. Wewe usiruke. Wao wanalijua kila jabali lililo chini ya maji, na Kerio ina mamba.

Saa mbili ondoka. Kilomita kama 13 za bondeni ni za migunga, mbuzi na barabara iliyonyooka. Saa tatu uwe Biretwo. Kunywa chai, kula kitu cha chumvi, jaza kila chupa uliyo nayo. Saa tatu na nusu anza kupanda.

Kutoka Biretwo hadi Iten ni kilomita 20 na mita 1,150 za kwenda juu. Wastani wa mwinuko ni kama asilimia sita, kwa hiyo kuna mahali unapumua na mahali panakutoa jasho. Kwa mita 400 kwa saa, ni karibu saa tatu; ukiongeza vituo vya kunywa, weka tatu na nusu. Ukifika Tambach umemaliza zaidi ya nusu na joto limeanza kulegea: hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo Iten ina ubaridi wa nyuzi saba au nane kuliko Biretwo saa ileile. Saa saba mchana uko chini ya lango la Iten, nguo zimelowa na upepo unakupiga. Badili shati kabla ya kupiga picha.

Wako wanaopendelea kuanza kupanda jioni, ukingo unapoanza kujifunika kivuli. Wazo si baya, ila hesabu inalikataa. Anza saa tisa alasiri, ongeza saa tatu na nusu, unafika saa kumi na mbili na nusu, na muda mfupi baadaye giza linaingia. Pancha moja tu inakuacha gizani kwenye kona za malori.

Wakati wa kupanda, usitazame kilomita. Tazama mwinuko kwenye simu au saa yako, na kila baada ya mita 200 simama dakika mbili, mguu mmoja chini, unywe. Tafuta gia itakayokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukatika. Usipande kwa kuchora nyoka barabarani. Malori yanayoshuka hayana uwezo wa kukukwepa. Kwenye kona kali upande wa ndani huwa na mwinuko mkali zaidi, kwa hiyo jisogeze nje kidogo, lakini tu baada ya kugeuka na kuona nyuma.

Kuna njia ya wakaidi. Badala ya kupanda Tambach, unafuata bonde kuelekea kusini hadi Kimwarer, kwenye machimbo ya zamani ya madini ya fluorspar, kisha unakwea hadi Nyaru kupitia kona zinazojirudia. Wakimbiaji huutumia mlima huo kwa mazoezi ya kilomita 21. Nyaru iko juu kuliko Iten. Sitamshauri mtu mwenye mikoba aende huko kama hajawahi kupanda Tambach.

Nne, ulizia usalama kila asubuhi

Njia niliyoieleza inapita sehemu ya kusini ya Bonde la Kerio. Kaskazini yake, kuelekea Tot na Tiaty, kumekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya miaka mingi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi katika kaunti kadhaa za huko, Baringo na Elgeyo Marakwet zikiwemo. Kwa hiyo usijiongezee mchepuko wa kaskazini kwa sababu ramani imeonyesha mto mzuri. Pia usijidanganye kwamba habari za mwezi uliopita bado ni za leo.

Uliza watu watatu wa aina tofauti: mwenye nyumba uliyolala, askari wa kituo kilicho karibu, na mtu wa boda boda. Huyo wa mwisho ndiye mwenye habari mpya, kwa sababu alipita huko jana jioni. Anza kwa salamu. "Chamgei" itafungua uso wa mtu yeyote kuanzia Kabarnet hadi Kapsabet, na "mulembe" itafanya kazi hiyo ukifika Kakamega na Vihiga. Baada ya salamu unauliza kwa urahisi: "Boss, hii barabara ya kushuka Cheploch iko sawa leo?" Kwa mzee usianze na barabara. Muulize kwanza habari za nyumbani na za mvua, naye atakupa zaidi ya ulichouliza.

Mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yenye saa za kufika, mkubaliane kwamba ukichelewa saa mbili ataanza kupiga simu. Mtandao hukatika ndani ya korongo na kwenye baadhi ya kona za ukingo, kwa hiyo pakua ramani mapema. Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila intaneti. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Tano, iandae baisikeli kwa ajili ya mlima na kwa ajili ya fundi wa kijijini

Gia ndiyo kitu cha kwanza. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele na ya kubwa kabisa ya nyuma. Ya mbele ikiwa na meno machache kuliko ya nyuma, uko salama. Tuseme 28 mbele na 34 nyuma: kila unapozungusha pedali mara moja unasogea kama mita 1.7, na kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita sita kwa saa bila kuumiza magoti. Baisikeli ya mashindano yenye 39 mbele na 25 nyuma kwa mizunguko hiyohiyo itakulazimisha kwenda karibu kilomita 12 kwa saa, au kushuka na kusukuma. Kubadilisha gia za nyuma kabla ya safari ni nafuu kuliko kutibu goti.

Tairi ziwe na upana wa milimita 40 hadi 50. Chini ya hapo msitu wa Kakamega utakutesa. Juu ya hapo utaburuta uzito kwenye lami.

Kuhusu tyubu kuna mtego ambao huwashangaza hata wazoefu. Dukani Marigat au Kapsabet utaambiwa "tuko na 28," na wewe una gurudumu la 700C ambalo nalo huitwa 28. Si kitu kimoja. Ile 28 ya Black Mamba, baisikeli nzito ya vijijini, ina rimu ya milimita 635, yako ni 622. Tairi haitaingia vizuri, ila tyubu unaweza kuilazimisha ikakufikisha mjini. Shida nyingine ni valvu: tundu la rimu ya valvu nyembamba ni milimita 6.5, na valvu nene, ya aina ya gari au ya Black Mamba, inahitaji 8.5. Kwa hiyo hata tyubu ikikubali, valvu itagoma. Beba tyubu zako mbili za akiba, viraka vingi na gundi mbichi. Usitegemee duka. Mwenye magurudumu ya inchi 26 na valvu nene ndiye mwenye raha nchini, na sijui kwa nini tunayadharau.

Viraka vingi nimesema kwa sababu ya mathenge. Kuanzia karibu na Marigat, mti huo wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 1980 umejaa pande zote za barabara. Ulitesa mifugo kiasi kwamba wakazi waliwahi kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Mwiba wake hupenya tairi nzuri. Usiegeshe baisikeli nje ya lami, na ukitoka kwenda haja ibebe mabegani. Jioni pitisha kidole taratibu ndani ya tairi utoe ncha zilizobaki, la sivyo kiraka kipya hakitafika asubuhi.

Breki ni jambo la Kabarnet. Unashuka zaidi ya mita 800 ukiwa na mzigo, na anayekandamiza breki mfululizo huchemsha rimu mpaka tyubu inapasuka, au huunguza pedi za breki za diski hadi zinaacha kushika. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, badilisha mbele na nyuma. Simama mara moja katikati upoze. Weka mipira au pedi mpya kabla ya kuondoka Nakuru, na ubebe seti moja ya akiba.

Zaidi ya hapo: pampu, vyuma vya kutolea tairi, kikata cheni na kiungo kimoja cha cheni, spoki tatu za urefu sahihi, waya wa breki na wa gia, mafuta ya cheni, na kile kipande kidogo kinachoshikilia mtambo wa gia wa nyuma kwenye fremu. Hicho hakipatikani popote njiani, na baisikeli ikianguka upande wa kulia ndicho hupinda. Eldoret na Iten ndiko utakakopata mtu anayejua gia za kisasa. Iten si ya wakimbiaji peke yao. Team Amani, timu ya baisikeli ambayo marehemu Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wake hadi kifo chake mashindanoni Marekani Agosti 2022, ina makao hapo.

Mzigo wote usizidi kilo 15. Weka vizito chini na karibu na fremu, si juu ya keria. Hema halina kazi kubwa kwenye njia hii. Kila kituo nilichokitaja kina mahali pa kulala, mradi upige simu siku moja kabla.

Sita, maji, chumvi na chakula

Toka Marigat na lita tatu, toka Kabarnet na tatu, toka Biretwo na nne. Ukipanda kwenye joto utakunywa hadi robo tatu lita kwa saa, na maji matupu hayatoshi. Nunua pakiti za chumvi za kuzuia upungufu wa maji katika duka la dawa, au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dalili ya kuogopa si kiu. Ni pale jasho linapokauka na baridi kukushika juani. Hapo huendelei, unatafuta kivuli, unajimwagia maji, na unasimamisha gari la kwanza.

Maji ya mito usiyanywe bila kuyachuja na kuyatibu. Ya Kerio ni tope, na dawa ya maji haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu, kwa hiyo yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Chakula hakina shida. Vibanda vipo kila kituo, na chapati na ndengu saa mbili asubuhi ni mafuta bora kuliko vijiti vya sukari vya kutoka supamaketi. Mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, ni kitu kizuri sana. Kama hujauzoea, uuonje Iten siku ya kupumzika, si Biretwo kabla ya mlima. Beba noti ndogo, kwa sababu M-Pesa hukataa palepale mtandao unapokatika.

Baringo, Kerio, Kakamega na Kisumu zote zina malaria. Mwone daktari kuhusu kinga kabla ya safari, lala ndani ya neti, na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikopita.

Saba, kutoka Iten hadi ziwani

Ukiwa Iten umesimama kwenye mgawanyiko wa maji. Mvua inayoangukia ukingoni nyuma yako inaenda Kerio na kuishia Ziwa Turkana. Inayoangukia mbele inashika Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Kuanzia hapa nawe unayafuata maji ya ziwa.

Siku ya kupumzika itumie kweli. Hewa ya mita 2,400 ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, na mtu wa Kisumu ataisikia usiku. Asubuhi tembea taratibu katika Msitu wa Singore, mchana osha cheni, alasiri lala.

Iten–Eldoret–Kapsabet ni siku ya magari zaidi ya mandhari. Kioo cha nyuma kwenye usukani kina maana kubwa hapa kuliko kofia ya bei ghali, ingawa kofia uvae. Pita Eldoret kabla ya saa nne asubuhi.

Kapsabet–Isecheno ndipo lami unaiacha. Unashika barabara ya Chavakali, kisha murram kuingia msituni. Huu ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuunganika na misitu ya Kongo, na utajua umefika kwa sauti kabla ya macho: mbega, na ndege aina ya turako. Mvua hunyesha alasiri karibu mwaka mzima, kwa hiyo uwe umefika saa sita. Udongo ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Beba kijiti cha kuukwangulia na usilazimishe, maana ndivyo mtambo wa gia unavyong'oka. Isecheno iko chini ya Huduma ya Misitu, nayo Buyangu ya kaskazini iko chini ya Huduma ya Wanyamapori, kwa hiyo ada za huku hazikupi ruhusa ya kule. Chukua kijana wa kukuongoza kwenye vijia. Nyoka wapo, na kifutu wa msituni hufanana kabisa na majani makavu anayolalia.

Siku ya mwisho unatoka kwa Shinyalu hadi Khayega na kuingia barabara kuu ya Kakamega–Kisumu. Chavakali, Mbale, Majengo, Kiboswa: vilima vifupi, watu wengi, matatu zinazosimama bila onyo. Unavuka tena ikweta uliyoivuka Mogotio siku ya kwanza. Kutoka Kiboswa unaliona ziwa, na hapo ndipo wengi huachia breki. Usiachie. Mteremko wa kuingia Mamboleo una malori, tuktuk na watu wanaovuka, na wewe umechoka.

Mwisho, kuirudisha baisikeli

Panga jambo hili kabla ya kuondoka nyumbani, maana ukifika Kisumu utataka samaki tu. Matatu zenye keria juu hubeba baisikeli kwa malipo ya mzigo. Zungumza na dereva mwenyewe, si makanga wa kwanza atakayekushika mkono. Toa pedali na gurudumu la mbele, funga kipande cha mti kati ya uma za mbele zisibanwe, zungushia cheni gazeti, na uweke mtambo wa gia upande wa juu. Funga kamba zako mwenyewe. Mlipe baada ya kuiona imefungwa, na ukae upande ambao utaona kama inashushwa Kericho.